Talaka ya Mfini wa Nshamba

Vijana wa ofisi waliponiaga mwaka huu walinipa kitenge, saa ya ukutani, picha yangu kubwa ya fremu niliyopigwa nikiwa nimefumba macho, na ombi. Walitaka niandike jinsi nilivyokuwa nasuluhisha ndoa, ili wanaobaki wajifunze. Nilikubali papo hapo kwa sababu kipaza sauti kilikuwa mdomoni na watu walikuwa wanapiga makofi. Nilipofika nyumbani Kahororo ndipo nikakumbuka kwamba ndoa nyingi nilizozisuluhisha zilivunjika, na hizo chache zilizopona, nina wasiwasi zilipona kwa sababu nilikuwa likizo.

Hata hivyo nimeahidi, kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilichelewa sana, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaanza na siku ya kwanza, kisha nitawaeleza kesi moja tu ya Nshamba, wilayani Muleba, ambayo vijana wawili wameniuliza mara nyingi kwa kuwa kila mtu aliisikia kwa namna yake.

Niliajiriwa Bukoba kama afisa ustawi wa jamii nikiwa na stashahada mpya na viatu vilivyonibana. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Sudi, Mwislamu wa mjini, ambaye babu yake alitoka pwani lakini yeye mwenyewe alizaliwa Bukoba na alisema Kihaya kama sisi. Aliniita binti yangu tangu siku hiyo. Ofisi yake ilikuwa na meza moja, chupa ya chai, viti viwili na benchi. Nilimuuliza vitendea kazi viko wapi. Akanionyesha benchi.

Wiki hiyohiyo alinituma peke yangu kwa mume na mke waliokuwa wamegombana, hukuhuku Kahororo. Nilikuwa nimeandaa maswali ukurasa mzima. Nilipofika niliwakuta wanakula ndizi na maharage kwenye sahani moja, wanacheka. Walikuwa wamepatana kabla sijafika. Mtu mwenye akili angenawa mikono akala nao. Mimi nilitoa maswali yangu, nikaanza na lile la chanzo cha mgogoro. Kabla chai haijapoa mke alikuwa anafunga nguo zake kwenye shuka. Kesho yake Bwana Sudi alikwenda mwenyewe kuyaweka sawa, akarudi jioni amechoka. Hakunigombeza. Aliniambia, "Binti yangu, ukikuta watu wanakula, kaa ule."

Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama mkoba wa mwanamke. Alisema mke na mume wakikaa kwenye benchi, na mkoba ukiwekwa sakafuni, bado wana mazungumzo. Ukiwekwa katikati yao, kazi ipo lakini inafanyika. Ukibaki mapajani umekumbatiwa, afisa aanze kufikiria watoto watakaa wapi. Sijawahi kuona kitabu chenye somo hilo, na sijawahi kuona likikosea. Nilikosea mimi, kila nilipoona mkoba mapajani na bado nikajipa matumaini.

Jambo jingine mnalolijua ni kwamba mimi mwenyewe sikuolewa. Si kwa msimamo wowote. Wale wawili waliokuja kuniposa, nilianza kuwahoji. Kwa hiyo kila mwaka alitokea mteja wa kuniuliza nasuluhishaje ndoa nisiyoijua. Nilipomlalamikia Bwana Sudi, alinijibu kwamba niwaambie refa hafungi magoli. Nililitumia jibu hilo miaka yote. Lilifanya kazi kwa wanaume. Wanawake walinitazama tu kwa huruma, wengine wakataja kaka zao.

Baada ya miaka mingi Bukoba nilihamishiwa Muleba. Bwana Sudi alikuwa amestaafu, na muda si mrefu akafariki, kwa hiyo sikuwa tena na mtu wa kunifuata nyuma na kuyaweka sawa. Ndipo akaja Kemilembe.

Alikuja siku ya mvua, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amevaa koti refu la mvua la aina tusiyoizoea. Alisema yeye ni muuguzi, mzaliwa wa Nshamba. Alikwenda Ufini kusoma, huko akaolewa na Mfini anayeitwa Antero, fundi mitambo, wakafunga ndoa kanisani kijijini kwa kina Antero. Waliishi kule zaidi ya miaka kumi, wakapata binti mmoja, Koku. Baba yake Kemilembe alipougua walihamia Nshamba kumuuguza. Mzee akafa, wao wakabaki. Sasa anataka talaka. Mkoba ulikuwa mapajani, ameukumbatia kama mtoto mwenye homa.

Nilimuuliza maswali ya kawaida. Anakupiga? Hapana. Ni mlevi? Anakunywa rubisi kidogo na baba zangu wadogo, ile pombe ya ndizi, lakini analala mapema. Ana mwanamke mwingine? Hapo alicheka kidogo, akasema hana mwanamke, ana ukoo mzima.

Sikumwelewa, lakini sikutaka ajue. Badala yake nikamuuliza ndoa ilifungwa wapi. Aliponijibu tena kwamba ni Ufini, nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma kwamba ndoa huvunjwa ilikofungwa, kwa hiyo itabidi warudi huko wote wawili. Nilisema hivyo kwa uhakika mkubwa. Sikuwa nimelisoma popote. Lilionekana tu kuwa na akili.

Maskini alikwenda mpaka Bukoba kumwona wakili. Wakili akamweleza kwamba mahakama zetu zinaweza kusikiliza shauri lao kwa kuwa wameishi nchini zaidi ya mwaka mmoja, ila lazima kwanza wapite kwenye baraza la usuluhishi, na baraza likishindwa litoe hati ya kusema limeshindwa. Kisha akamuuliza ni nani aliyempotosha. Kemilembe alipanda ngazi za ofisi yangu wiki iliyofuata, akaniambia haya yote, na alipofika kwenye swali la wakili alisema, "Nilimwambia nilisikia tu mahali." Nilimmiminia chai. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Nikamwita mume. Hapa ndipo nilipojiandaa kuliko siku zote za utumishi wangu. Kesi ya Mzungu haikuwahi kuniangukia, na Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma nyaraka, si cha kusuluhishia. Siku kadhaa nilisimama mbele ya kioo nikifanya mazoezi. Kuna neno la Kiingereza la kusema watu hawapataniki; lina silabi nyingi kuliko meno niliyobaki nayo. Nilinunua hata kamusi ndogo, nikaificha chini ya faili.

Antero akaingia na mabuti ya shambani, mrefu, kipara kimeungua na jua, mikono ina grisi. Akainama kidogo, akanisalimia kwa Kihaya, "Wasibota waitu." Nikajibu kwa Kiingereza. Akakunja uso. Kwa Kiswahili kizuri chenye lafudhi ya Nshamba akaniomba radhi, akasema Kiingereza alifundishwa shuleni na amekisahau karibu chote. Kama ni shida, tuzungumze Kihaya. Niliisukuma kamusi ndani zaidi kwa kiwiko. Ilianguka upande wa pili, na yeye akaiokota akaipangusa vumbi akanirudishia.

Alisema hataki talaka ila hatamzuia mtu. Kisha akanieleza maisha yake. Kwao alikaa miaka mingi jirani na mtu aliyemsalimia kwa kidevu tu. Hakuona kasoro, alidhani ndivyo watu wanavyoishi. Alipofika Nshamba akapata malaria kali. Alipozinduka alikuta ua umejaa watu, wanawake wamekaa kwenye nyasi, akaamini amekwisha kufa na huo ndio msiba wake. Alipoambiwa wamekuja kumjulia hali tu, alilia. Tangu hapo hakukosa msiba wala harusi. Alitengeneza mashine za kukobolea kahawa za watu wa pale, alilima kibanja cha mkwe wake, shamba la migomba la nyumbani, alijifunza kufunika migomba kwa nyasi. Akaongeza, kama jambo dogo, kwamba kibali chake cha kukaa nchini kimetolewa kwa sababu ya ndoa. Ndoa ikiisha, kibali nacho kinaisha.

Nikauliza kibali cha Kemilembe kule kikoje. Kile nacho kilikuwa kinaelekea kufa, maana haruhusiwi kukaa nje muda mrefu bila kurudi. Ndipo nikaelewa kilicho mezani kwangu. Mhaya alitaka kurudi Ufini na Mfini alitaka kubaki Nshamba, na katikati yao alikuwepo binti wa miaka kumi.

Niliwaita pamoja. Walikaa kwenye benchi, mkoba katikati. Mkoba umeshuka kutoka mapajani, nikajisemea, Justa, wewe ni mtaalamu. Nikaamua kutumia njia yangu bora, ile ya kuwafanya wakumbuke walivyokutana.

Kemilembe alianza kwa kusita. Alisema alifika kule majira ya baridi, na Antero, ambaye wakati huo alikuwa rafiki tu wa kuandikiana barua, alimpokea na koti la shangazi yake marehemu linalonuka dawa ya nondo. Njiani aliona miti yote ya mitaani haina jani hata moja. Alidhani nchi nzima imepatwa na ugonjwa wa miti, akawa anamfariji Antero kwa msiba huo. Antero alianza kutikisika mabega. Yeye naye akasimulia mara yake ya kwanza kutembelea Nshamba, alipowekewa bakuli la senene wa kukaanga, wale panzi wetu wa msimu. Aliogopa kuuliza, akaamua lazima wanamenywa kama karanga. Aliwamenya mmojammoja hadi wageni wengine wakaondoka, na mama mkwe, kwa heshima, akakaa naye akimenya pia. Walicheka wote wawili mpaka wakafuta machozi. Kemilembe alimshika mkono.

Nikainuka kwenda kuleta vikombe, nikiwa nimekwisha kutunga kichwani sentensi ya kuwaeleza wenzangu jinsi nilivyoiokoa ndoa ya kimataifa. Niliporudi na chai, Kemilembe alikuwa bado anafuta macho.

"Ma Justa, asante sana," akasema. "Sasa naona tunaweza kuachana bila kuchukiana. Tunaomba hati."

Antero akatikisa kichwa kukubali. Chai nilimimina kwenye sahani badala ya kikombe.

Mtu mwingine angewapa hati. Mimi niliona ni aibu yangu binafsi. Nikawaambia kabla ya baraza la kata kukaa ni vizuri ukoo usikilizwe, kwa kuwa ukoo hauwezi kukubali ndoa ivunjike hivihivi. Kemilembe akasema nikitaka niende, ila yeye anajua watakachosema.

Tukakutana Nshamba, nyumbani kwa marehemu baba yake, kibanja kikubwa chenye migomba mpaka mlangoni. Nyuma ya nyumba palikuwa na kibanda cha mbao alichojenga Antero, cha kuogea mvuke kama wafanyavyo kwao. Mawe yanachomwa moto, maji yanamwagiwa juu, watu wanakaa uchi kwenye mvuke wakitoa jasho. Nilidhani watu wa Nshamba walikiona kituko. Kumbe baba wadogo wote walikuwa wamekipenda. Kila Jumamosi walikaa humo na mkwe wao wakijadili mambo ya ukoo, na wanawake waliokuwa jikoni walisikia kicheko tu.

Tulipitishiwa kikapu cha kahawa za kutafuna kama ilivyo ada, kisha nikaeleza kilichonileta. Mkubwa wao, Ta Rwechungura, mdogo wake marehemu, alisikiliza hadi mwisho. Alisema amesikitika sana. Alisema Kemilembe ni mtoto wao, na kama moyo wake uko Ulaya basi aende salama na Mungu amtangulie. "Lakini huyu," akasema akimgusa Antero goti, "hatumtoi. Mkwe abaki."

Wazee wakaitikia. Nilikuwa nimewaleta waitetee ndoa, wao wakawa wamegawana wanandoa. Antero aliinamisha kichwa kwa haya, lakini niliona amefurahi. Nikageuka kumtazama Kemilembe, nikatamani nisingekuja.

Hakupandisha sauti. Alisema kwa Kihaya, polepole, kama anayemweleza mgonjwa.

"Mnampenda kwa sababu alikuja. Alikula chakula chenu mkafurahi, akasema neno moja la Kihaya mkapiga vigelegele. Mimi nilipokwenda kwao nilikula chakula chao, nikajifunza lugha yao hadi nikaota kwa lugha hiyo. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nilijifunza kukaa peke yangu. Ilinichukua miaka, na nilipoweza, niliona ni kitu changu, nilikipata mwenyewe. Kisha nikarudi hapa, na kila saa mlango unagongwa, kila mtu ananiambia nilivyobadilika, na mume wangu anacheka nyuma ya nyumba na baba zangu. Sina ugomvi naye. Nataka tu kurudi mahali ninapoweza kufunga mlango."

Mama yake, Ma Kokubelwa, mkaile, bibi kizee mwembamba aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango, alisema, "Mwacheni mtoto." Basi. Kikao kikaisha, na tukaletewa chakula. Nilikumbuka niliyofundishwa na Bwana Sudi, nikakaa nikala.

Usiku huo nilijisikia mjinga kwa namna mpya. Nilikuwa nimekaa na wanandoa wengi nikitafuta mwenye makosa ili nimrekebishe. Hapa hakukuwa na wa kumrekebisha, na mimi sikujua kazi nyingine.

Kulikuwa bado na Koku. Mahakama ingetaka maoni yangu kuhusu mtoto akae na nani. Bwana Sudi alinionya kwamba mtoto asiulizwe anampenda nani zaidi. Aulizwe nani humwamsha, nani humsuka, akiota ndoto mbaya huita nani. Nikamkuta Koku kwenye ngazi za nyuma anamenya maharage na bibi yake. Ana rangi ya kahawa yenye maziwa, na macho ya mama yake yasiyo na mchezo. Nikaanza kwa mbali, nani anakuamsha asubuhi. Akasema kuku. Nani anakusuka? Bibi. Ukiota ndoto mbaya? Akasema huwa hamwiti mtu, anasubiri iishe.

Nikaishiwa maswali. Alinionea huruma, akaniambia bila kuulizwa kwamba baba anapenda kwetu na mama anapenda kwao, na yeye anapenda kote, lakini kila mtu mzima anayekuja hapa anamchezeshea mafumbo ya kuku. "Wakishaamua, waniambie mapema nijue nguo za kufunga. Ndicho tu ninachotaka."

Niliandika hivyo kwenye taarifa yangu kwa mahakama, karibu neno kwa neno, na ndiyo taarifa fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Hakimu, ninavyokumbuka, aliisoma mara mbili, akavua miwani.

Baraza la kata lilikaa, likawasikiliza, likaandika kwamba usuluhishi umeshindikana. Mwenyekiti aliniomba nami niseme neno, akitegemea nitapinga. Nikasema sina pingamizi. Alishangaa kuliko Kemilembe. Shauri likaenda mahakama ya wilaya, nao kwa kuwa hawakugombania kitu, halikuchukua muda mrefu. Kibanja na nyumba ni vya ukoo, havikuwa vyao kugawana. Kibanda cha mvuke hakikutajwa na mtu. Talaka ikatolewa. Malezi ya Koku akapewa mama, baba amwone likizo ndefu. Lakini kwa kuwa mama alihitaji kwanza kupata kazi na nyumba, wote wawili walikubaliana mtoto amalize mwaka wake wa shule Nshamba kwa bibi.

Lililofuata hakuna aliyelipanga. Kemilembe aliondoka kwanza. Antero, ambaye sasa hakuwa mume wa mtu, alipewa muda mfupi kuondoka nchini. Mwenye mashine kubwa ya kukoboa kahawa pale Nshamba alitaka kumwajiri, lakini kibali cha kazi lazima kiombwe na kisubiriwe, na alitakiwa akisubirie nje. Kwa hiyo alirudi Ufini, mahali pekee alipokuwa na haki ya kukaa bila kuomba mtu. Akakaa kwa kaka yake, mji uleule alioshukia Kemilembe. Wakawa wameachana Muleba na kukutana tena kwenye baridi, na mtoto wao amebaki Nshamba. Nilikuwa nimeidhinisha mpangilio huo kwa sahihi yangu na muhuri.

Nilikwenda kwa Ma Kokubelwa mara nyingi kuliko kazi ilivyonitaka. Nilisema ni ufuatiliaji. Ukweli ni kwamba sikulala vizuri. Koku alinionyesha kwenye simu ya bibi yake picha alizotumiwa. Antero alikuwa amembebea Kemilembe kitanda mpaka ghorofa ya juu, alikuwa amemrekebishia dirisha linalopitisha upepo, alikuwa amesimama kwenye theluji na sura ya mtu aliyefiwa. Kemilembe alimwandikia mama yake kwamba mume waliyeachana ndiye mtu pekee mjini anayepiga hodi, na kwamba hapigi sana. Niliposomewa hilo nilianza tena, pamoja na yote yaliyotokea, kuota ndoto za mchana kwamba watarudiana. Nilimwambia Koku. Aliniangalia kama ninavyowaangalia nyinyi mkichelewa kazini, akasema, "Bibi Justa, wanasaidiana tu."

Na kweli, walikuwa wanasaidiana tu. Kibali cha kazi kilipotoka Antero alirudi. Hakuweza tena kukaa kwenye nyumba ya ukoo, akapanga chumba nyuma ya duka pale senta. Shule zilipofungwa yeye ndiye aliyemsindikiza Koku kwa mama yake. Safari ilianzia uwanja wa ndege wa Bukoba, na mimi nilikwenda kuwaaga, ziwa likiwa limetulia kando ya uwanja. Koku alikuwa na sanduku moja, limefungwa vizuri. Alikuwa ameambiwa mapema. Mwezi ule Antero alirudi peke yake, na Ma Kokubelwa akatoa amri kwamba kila Jumapili baada ya ibada aje kula. Ta Rwechungura na wenzake waliendelea na mvuke wa Jumamosi. Mtu akiuliza Antero ni nani wa ukoo ule, kila mmoja alitoa jibu lake, kisha wakabadili mazungumzo.

Hali ilikuwa hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka Ma Kokubelwa alipofariki. Zilikuwa zimebaki wiki chache nistaafu. Kemilembe akaja na Koku, ambaye sasa ni msichana mrefu kuliko mimi, anayesema lugha tatu na kukaa kimya kwa zote. Antero alikuwa amekesha na vijana wa ukoo wakichimba kaburi kibanjani, kwa hiyo alipofika uani alikuwa na udongo mpaka magotini. Yeye na Kemilembe walisalimiana kwa mikono miwili. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa pili, tayari, kwa mazoea, na nasaha ambazo hakuna aliyekuwa ameziomba.

Baada ya ibada mchungaji alimpisha mshereheshaji, kijana wa ukoo, awatangaze wafiwa ili waweke mashada. Aliita watoto. Aliita wajukuu, Koku akaenda na shada lake. Kisha akasema, "Na sasa," akasita, akatazama karatasi, akamtazama Ta Rwechungura. Ta Rwechungura akatazama miguu yake. Antero alikuwa amesimama pembeni, ameshika shada la maua aliyoyachuma mwenyewe, na niliona anaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea kwenye migomba. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka. Sijui ningesema nini, na nashukuru sikupata nafasi.

Kemilembe alitoka kwenye mstari wa watoto, akamwendea yule kijana, akakishika kipaza sauti kikiwa bado mkononi mwake.

"Sema mkwe," akasema. "Niliyemwacha ni mimi. Mama hakumwacha."

Akarudi mahali pake. Kijana akakohoa, akanyoosha mgongo, akasoma tena, safari hii kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Mkwe. Antero, wa Nshamba."